Kipande Changu Ndani ya Kadi Yake

Jambo la kwanza nililomwonea wivu mwenzangu lilikuwa kitufe. Si simu yake, wala nywele zake, wala ule wepesi wake wa kuingia mahali penye watu na kuanza kuongea kana kwamba walikuwa wakimsubiri. Hayo yalikuja baadaye. Mwanzo kilikuwa kitufe: mstatili wa kijani wenye pembe zilizolainishwa kidogo na neno "Tuma" katikati, alioutengeneza asubuhi moja huku akitafuna andazi. Kabla ya saa ya kula, kitufe kile kilikuwa kwenye kurasa zote tulizokuwa tukijenga, zangu zikiwemo.

Tulikuwa wasichana wawili tunaofanya stage, yaani mafunzo ya kazi, katika ofisi ndogo inayotengeneza tovuti hapa Lubumbashi. Ofisi yenyewe ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa. Meza zetu zilikuwa sebuleni, na mashine iliyotunza kazi zetu ilikaa jikoni, juu ya sinki, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na waya wa umeme wa kuaminika. Sote wawili tulitoka kitivo kimoja cha chuo kikuu, pale Kasapa. Tulikaa benchi moja, na kwa muda mrefu tulitumia kompyuta moja, ya kwake. Siku ya kwanza mkuu wa ofisi, ambaye kila mtu anamwita Patron, alitusimamisha barazani.

"Bana bangu," alisema, kana kwamba tulikuwa watoto wake, "nafasi iko moja. Stage ikiisha, nitabakia na mumoja. Mufanye kazi, miye nitaona."

"Patron, utabakia na siye bote babili," mwenzangu akamjibu. "Utaona tu."

Patron alicheka. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikarudi nyumbani na lile neno "nitaona" kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ataona nini? Ataangalia nani anawahi kufika? Nani anasema kidogo, au nani anasema sana? Asubuhi moja nilimsalimia kwa Kifaransa, kesho yake kwa Kiswahili, nikatumia siku nzima kujiuliza ni salamu gani aliyoipenda. Mwenzangu alimsalimia kwa kumwambia kwamba shati lake halikupigwa pasi.

Kwa asiyeifanya kazi hii, nieleze kidogo. Mama yangu hushona nguo za wanakwaya wa parokia yetu. Ukutani ametundika vipande vya karatasi alivyokata kutoka mifuko ya saruji: mkono, kola, mgongo, mfuko. Habuni mkono mpya kila anaposhona. Anachukua karatasi ya mkono, anaiweka juu ya kitenge, anakata. Sisi nasi hufanya hivyo kwenye kurasa. Kitufe hutengenezwa mara moja, kadi yenye picha na maelezo mara moja, sehemu ya kuandika tarehe mara moja, kisha kila ukurasa unaviita kwa majina yao. Ofisini tunaviita composants. Hapa nitaviita vipande. Tofauti na karatasi za mama ni kwamba ukibadilisha kola leo, nguo zote ambazo zilikwisha kushonwa nayo hubadilika kola saa hiyo hiyo, hata kama zimevaliwa. Kwa mtu kama mimi, wazo hilo linatosha kunikosesha hamu ya kula.

Vipande vyote tuliviweka kwenye ghala moja la pamoja. Na ghala lile lilikuwa na tabia moja iliyoniumiza: ukifungua kipande chochote, linakuonyesha pembeni kurasa zote zinazokiita. Kila asubuhi, kabla ya kuvua sweta, nilifungua kitufe chake. Orodha ilikuwa ndefu, na kila siku iliongezeka. Kisha nilifungua kadi yake, nayo ilikuwa vivyo hivyo. Kisha, polepole, kana kwamba upole ungesaidia, nilifungua kipande changu. Pembeni palikuwa peupe.

Kipande changu kilikuwa cha majina. Ni ile sehemu ya fomu ambapo mtu anajiandika yeye ni nani. Nilianza kukitengeneza kwa sababu nzuri. Katika nchi yetu mtu ana majina matatu: nom ya ukoo, postnom ya kurithi kwa babu au bibi, na prénom ya ubatizo. Vipande vinavyopatikana bure kwenye mtandao vimetengenezwa na watu wa majina mawili, hivyo vina visanduku viwili. Nikasema nitatengeneza chenye vitatu. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwingine.

Lakini nilianza kuwaza. Je, mtoto asiyekuwa na prénom? Nikaongeza chaguo: anayekiita kipande aseme kama prénom ni lazima au la. Je, mzazi atakayeandika majina yote matatu kwenye kisanduku kimoja? Chaguo lingine. Herufi kubwa kwa majina yote, au herufi ya kwanza tu? Na mtandao ukikatika katikati ya kuandika, maandishi yahifadhiwe kwenye simu au yafutwe? Na kama simu si ya mzazi bali ya jirani, si itakuwa vibaya kuyahifadhi? Kila swali lililoniamsha alfajiri lilikuwa chaguo kabla ya saa nne. Nilifikiri ninawatendea wema wenzangu. Mwishowe, ili kukiita kipande changu, ilibidi ujibu maswali yaliyojaza skrini kutoka juu hadi chini.

Patron alikuja nyuma yangu siku moja, akainama, akasoma, akaendelea kusoma.

"Eh, mama," alisema. "Hii si composant. Hii ni kuulizwa na polisi."

Sebule nzima ilicheka. Mwenzangu naye alicheka, halafu akasema, "Mumuache, yeye iko anafikiria bantu bote." Alikuwa akinitetea. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa kucheka.

Kadi yake, kwa mfano, ilikuuliza mambo mawili tu: kichwa cha habari na kilichomo ndani. Nilipomuuliza itakuwaje kichwa kikiwa kirefu mno, alisema, "Kitashuka mustari." Nikamuuliza, na kama picha haipo? "Basi haiko." Ndivyo alivyoishi. Kwao wana duka la rangi za nyumba. Nilimwona mara nyingi akimhudumia mteja pale: mtu anakuja hajui anataka rangi gani, naye anamtazama kidogo, anashusha kopo moja, anasema hii. Mteja anaondoka na kopo. Mimi ningemwonyesha rafu nzima, na angekwenda kununua kwingine.

Katika wiki za mvua tulipewa kazi iliyokuwa kubwa kwetu. Shule moja ya parokia ilitaka wazazi waweze kuandikisha watoto kwa simu badala ya kupanga foleni alfajiri. Patron hakuficha kitu.

"Hii njo mutihani," alisema. "Kisha hii nitasema nani anabakia."

Mwenzangu akapewa fomu ya kumwandikisha mwanafunzi. Mimi nikapewa kurasa za maelezo: saa za masomo, sare, ramani ya kufika. Nilijifungia chooni nikajiuliza kama huo ulikuwa uamuzi tayari au mtego. Niliporudi, yeye alikuwa ameshajenga nusu ya fomu. Niliona kwenye skrini yake kwamba sehemu ya majina ilikuwa na visanduku viwili. Nikaona pia, kwa kuwa nilitazama, kwamba hakukiita kipande changu. Alikuwa amechukua kimoja cha bure kutoka nje.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya kawaida, "Hapo panakosa postnom."

"Iko ya muda tu," alisema bila kugeuka. "Nitabadilisha."

Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yetu, na sijaona kazi nyingine inayolifanya kwa namna hii. Tunachukua kipande kilichotengenezwa mbali, kwa watu wengine. Kinafanya kazi vizuri, kinang'aa, tunajaza majina ya kubuni ili kukijaribu, kinakubali. Baada ya siku chache macho yamekizoea. Mtu ambaye tangu darasa la kwanza ameitwa kwa majina matatu anatazama visanduku viwili kila siku na haoni kwamba yeye mwenyewe hana pa kuingia.

Tulikwenda shuleni wote watatu, pamoja na Patron, kuonyesha kazi. Mkuu wa shule ni mtawa mzee kidogo, mwenye miwani inayoning'inia kifuani na mikono iliyotulia. Mwenzangu aliiweka kompyuta mbele yake, akamweleza kurasa, akamchekesha, akamwambia ajaribu mwenyewe kana kwamba ni mzazi. Mtawa akavaa miwani. Akaandika nom. Akaandika prénom. Akasimama, kidole hewani.

"Na postnom naweka wapi, mwanangu?"

Furaha ilinipanda ghafla hadi masikioni, ya moto, ikabidi nitazame sakafu. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo bila kujiambia kwamba ninaingoja. Nikawaza: sasa ataona. Sasa Patron anaona.

Mwenzangu akaikaribia skrini. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Yangu mama! Ma sœur, nilisahau hata postnom yangu miye mwenyewe! Mama akisikia, atanifukuza kwetu!"

Mtawa akaanza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani na kufuta macho, kisha akaeleza kwamba postnom yake ilikuwa ya bibi yake, mwanamke mkali sana, na kwamba bibi huyo angekuwa hai angeivunja mashine. Wakaongea juu ya mabibi. Patron akatulia kwenye kiti. Nami nikakaa nikiona wivu ukinirudia kwa mlango mwingine. Kosa lile ningelifanya mimi, ningekufa pale pale, na watu wangekuwa na aibu kwa ajili yangu. Yeye alilifanya, akapendwa zaidi.

Garini Patron hakucheka tena. "Nani iko na kintu ya majina tatu?"

"Huyu," mwenzangu akasema, akinigusa bega kutoka kiti cha nyuma. "Ya kwake iko na kila kintu."

"Haijaisha," nikasema.

"Haijaisha namna gani? Iliisha tangu zamani. Weye iko unaongeza tu."

Mchana huo alivuta kiti chake hadi mezani kwangu, akafungua kipande changu mbele yangu. Hakuna mtu aliyewahi kukisoma chote. Nilikuwa na kiu na sikuthubutu kwenda kunywa maji. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea, na kila alipofika kwenye chaguo aliniuliza.

"Prénom ni lazima?"

"Inategemea," nikasema.

"Kwa hii shule. Kwa batoto ba hapa."

"Hapana. Wengine hawajabatizwa bado."

"Bon. Rezo ikikatika?"

"Maandishi yabaki kwenye simu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atume. Akishatuma yafutwe, kwa sababu pengine simu ni ya jirani."

"Herufi?"

"Kubwa kwa nom na postnom. Prénom herufi ya kwanza tu. Kama kwenye cheti cha kuzaliwa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akaniita mpenzi wake kama kawaida. "Masheri, majibu yote unayo. Sasa ju ya nini unauliza bantu?"

Hilo ndilo swali pekee ambalo sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nayo majibu yote, ndiyo. Lakini nilipokuwa na jibu, niliogopa mtu angekuwa na lingine bora zaidi, basi nilimwachia nafasi. Nilikuwa nimejaza kipande changu nafasi za watu wengine kuwa na akili kuliko mimi, na hawakuzitaka. Walitaka kuandika neno moja na kuendelea na kazi.

Yeye hakubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo wangu. Alitengeneza kadi mpya, ya mwanafunzi, akakiita kipande changu ndani yake na kuyajibu maswali yote hapo, mara moja, kwa majibu niliyompa. Kadi yenyewe ilibaki na desturi yake: kichwa na kilichomo. Aliimaliza kabla ya Patron kurudi kutoka mjini. Akanyoosha mikono, akasema ana njaa.

Kesho yake asubuhi, sweta bado mwilini, nilifungua ghala. Kadi yake mpya ilikuwa tayari inaitwa na fomu ya kuandikisha, fomu ya kuhamia, ukurasa wa darasa, ukurasa wa walimu, na hata kazi ya mteja mwingine ambayo wenzetu walikuwa wakiifanya. Nikafungua kipande changu. Pembeni hapakuwa peupe tena. Palikuwa na mstari mmoja. Kilikuwa kinaitwa mahali pamoja tu: ndani ya kadi yake.

Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kila aliyeandika jina lake kwenye kurasa zile alikuwa akiandika ndani ya kitu changu, na hakuna ambaye angekiona. Nilijaribu kujifariji kwa karatasi ya mama ya mfuko, mfuko ule wa ndani ya koti, ambao hakuna anayeusifu lakini mkono unaingia kila siku. Haikunifariji. Mwenye koti humsifu mshonaji wa koti.

Tuliporudi shuleni, mtawa aliandika majina yake mwenyewe, mstari juu ya mstari. Majina mawili ya kwanza yakajigeuza herufi kubwa bila yeye kufanya kitu. Aliyaangalia.

"Sasa ni miye," alisema. Kisha akamshika mwenzangu mkono. "Aksanti, mwanangu. Umesikia."

"Ma sœur, hapa pa majina si miye. Ni huyu." Akaninyooshea kidole.

Mtawa alinigeukia, akaniinamishia kichwa kwa upole, kama mtu anavyomshukuru aliyemshikia mlango. Mkono wa mwenzangu haukuachwa. Njiani nilipima ile sentensi yake upande wa juu na upande wa chini. Alisema ukweli, na alisema mbele ya Patron. Je, aliisema ili nipate nafasi yangu, au kwa sababu mtu anayetoa sifa hupendwa kuliko anayezipokea? Nilichagua la pili, kwa kuwa liliniruhusu kuendelea kuwa na hasira. Nilipomwangalia, alikuwa amelala, kichwa kikigonga kioo cha gari.

Siku ya mwisho wa stage, Patron aliniita jikoni, kwenye mashine, mahali pekee penye mlango unaofunga. Feni ya mashine ilikuwa ikivuma.

"Weye iko na akili mingi," alianza, na hapo nikajua. "Nakuambia kweli, maswali yako iko mazuri. Mais nikikupa kazi, unanirudishia maswali. Mwenzako nikimupa kazi, ananirudishia ukurasa. Ndani ya ukurasa muko makosa, tunaona, tunatengeneza. Nitabakia na yeye."

Nilisema asante. Nilisema asante mara nyingine, kwa Kifaransa, ikiwa ya kwanza haikutosha.

Mwenzangu alikuwa akingoja uani, amejiegemeza kwenye tangi la maji. Alipoona uso wangu alianza kulia kabla yangu. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka mlinzi akauliza nani amefiwa. Mimi machozi yalikataa. Nilisimama nimekumbatiwa, mikono yangu imenyooka, nikiona wivu hata kwa kilio chake, jinsi kilivyotoka bila kuomba ruhusa.

"Kipande yako itabakia," alisema puani.

"Itabakia ndani ya yako."

Alijitoa, akanitazama kana kwamba nimeongea lugha ya mbali. "Yangu, yako... Masheri, ni ya batoto ba masomo."

Hakusema kwa dharau. Hakujua ninachozungumzia. Wiki zote zile nilizofungua ghala kila asubuhi kuhesabu nani anaitwa wapi, yeye hakuwahi kuutazama ule upande hata mara moja. Tulikuwa kwenye mashindano, na mkimbiaji alikuwa mmoja tu. Kati ya vyote nilivyomwonea wivu, kutokuwa na wivu kwake ndiko kulikoniingia zaidi.

Sasa ninafundisha matumizi ya kompyuta katika kituo kidogo cha kufunza makatibu, upande wa Kampemba. Wanafunzi wangu ni wapole. Ninapowauliza kama wameelewa, wanasema ndiyo, nami siwaamini. Mwenzangu hunitumia ujumbe. Wa mwisho ulisema: "Muko kazi ya kliniki. Banataka kipande ya tarehe, tarehe ya kuzaliwa na ya rendez-vous ya kuona munganga. Patron anasema weye. Kuya." Alikuwa akiniita nirudi ofisini. Nilianza kuujibu mara nyingi. Niliandika kwamba nina kazi nyingi, nikafuta, kwa kuwa anajua sina. Niliandika "Patron amesema kweli, au wewe?", nikafuta. Usiku kipande cha tarehe kilijijenga chenyewe kichwani mwangu. Mchana nilikiandika, ili kitoke tu, kisha nikakiacha.

Juzi shule ile ilifungua uandikishaji. Kaka yangu analima huko Lukafu, na mtoto wake wa kwanza anakuja kukaa nasi ili asome hapa. Mama alitaka kumwandikisha yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango baada ya chakula cha mchana, sufuria ya bukari, ugali wetu, ikilowa kwenye maji kando yetu, simu magotini pake.

"Hii njo kazi ya mwenzako?" aliuliza.

"Ndiyo. Ni kazi ya ofisi."

Aliandika nom, ambayo ni ya baba yangu, aliyefanya kazi ya reli. Akaandika postnom, ambayo ni ya baba yake mama. Alichelewa kwenye herufi moja, akaipata, akaanza prénom. Hapo mtandao ukakatika. Ukurasa ukawa mweupe.

"Byote biliisha kwenda!" alisema mama. "Nilikuambia, ningeenda kwa miguu."

"Ngoja, mama. Fungua tena."

Alifungua bila imani. Mistari miwili ilikuwa pale, kwa herufi kubwa, na nusu ya wa tatu ilikuwa ikimngoja pale alipoiachia. Mama alipiga paja lake.

"Ah! Ilibakia yote! Huyu mwenzako alifikiria bantu kama siye."

Nilifungua mdomo. Nikaona kwanza jinsi itakavyosikika: mtoto anayelilia kikombe chake. Nikaona swali litakalofuata, kwamba kama ni mimi niliyefikiria, mbona wamebakia na yeye. Nikatafuta jibu la swali hilo, na jibu la jibu hilo. Mama alikuwa amemaliza prénom na alikuwa akiangalia chini ya skrini, kwenye kile kitufe cha kijani.

"Na hii?" alisema. "Hii njo ya kwako?"

"Hapana," nikasema. "Kitufe ni chake. Hapo juu pa majina ndipo pangu."

Akarudisha macho juu, akaisoma ile mistari mitatu upya, taratibu, midomo ikitembea kama ya mwenzangu siku ile. "Ah bon," alisema. "Unaona. Ulitengeneza fasi ya jina ya baba yako." Akanipapasa goti kwa mkono uliokuwa na unga bado.

Kisha akabonyeza kitufe. Kilizama kidogo chini ya kidole, kikarudi, kikaandika kwamba mtoto amepokelewa.

"Mais hii kitufe yake," alisema mama, akikitazama tena kwa kupenda, "iko muzuri, hein."

Alipoingia ndani kusugua sufuria, niliufungua ujumbe wa mwenzangu. Nikaandika: "Nakuja Jumatatu. Kipande cha tarehe ninacho tayari. Kinauliza swali moja tu." Nikausoma. Nikaongeza: "Kadi yako inauliza mawili."

Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta, kisha nikatuma.